Usiingie Chuoni na Ugonjwa wa Siri

Miongoni mwa karatasi anazotumiwa kijana aliyepata nafasi ya kusomea utabibu, kuna fomu ya uchunguzi wa afya. Huijaza pamoja na daktari, ikapigwa muhuri, akaipeleka chuoni siku ya kuripoti. Hapo ndipo wengi wenye maradhi ya kudumu hushikwa na kigugumizi. Mwenye kifafa hutamani kuandika kwamba hana. Mwenye siko seli hujiambia kwamba mwaka huu hajalazwa, basi ya nini kujitangaza. Msichana mwenye kisukari huhofia kwamba akitaja insulini, nafasi yake atapewa mwingine. Naielewa hofu hiyo. Mimi ni tabibu, nina pumu tangu utotoni, na nyumba yetu ya Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, imepangisha wanafunzi wa tiba kwa muda mrefu. Niliyoyaona kwao yamenifikisha kwenye neno moja ninalotaka kulisema waziwazi: wanaoangushwa muhula wa kwanza kwa kuuficha ugonjwa ni wengi kuliko wanaoangushwa na ugonjwa wenyewe.

Tuelewane kwanza tunazungumzia masomo gani. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, ambacho kila mtu hukiita KMTC, kilianza Nairobi mwaka 1927 na sasa kina matawi kote nchini. Tawi la Mombasa liko hapa kisiwani, jirani na Hospitali Kuu ya Pwani, upande wa Tononoka. Stashahada ya tiba na upasuaji huchukua miaka 3, kisha unafuata mwaka mmoja wa kazi hospitalini chini ya usimamizi, ndipo mtu akasajiliwa na Baraza la Maafisa wa Kliniki. Anayesajiliwa hivyo huitwa afisa wa kliniki; Watanzania humwita afisa tabibu. Marekani wana kada inayokaribiana nayo, ya wasaidizi wa madaktari, iliyoanza Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965 kwa wanafunzi 4 waliowahi kuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la wanamaji. Kote huko mwanzo ni mgumu kwa sababu ile ile. Anatomia, fiziolojia na biokemia huja kwa mkupuo, na hakuna somo linalomngoja mwenzake. Mwenye afya kamili hulemewa. Mwenye mwili unaodai dawa, maji, chakula kwa saa yake na usingizi wa kutosha atalemewa zaidi asipojipanga mapema.

Basi fomu ile ijaze kweli tupu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 27, inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya hali yake ya afya au ulemavu. Haki hiyo ni yako hata ukiwa mwanafunzi. Lakini haki bila karatasi hupata taabu kusimama, na hapa ndipo ninapowahimiza wanafunzi wafanye kazi ya asubuhi moja tu. Kabla hujaripoti, au hata wiki ya kwanza ukiwa umesharipoti, nenda kliniki unakotibiwa uombe barua ya ukurasa mmoja. Iseme una ugonjwa gani, unatumia dawa zipi, dalili zipi ni za hatari, mwenzako afanye nini zikitokea, na apigiwe nani simu. Iseme pia unahitaji nini darasani: ruhusa ya kwenda msalani mara kwa mara, kukaa karibu na dirisha au feni, kula kitu kidogo katikati ya kipindi, kuketi badala ya kusimama saa nyingi wodini. Toa nakala. Moja mpe mkuu wa idara, nyingine mlezi wa wanafunzi, ya tatu uiweke wewe ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Tarehe hiyo ina kazi kubwa. Ukikosa jaribio la darasani wiki ya sita kwa sababu ulikuwa umelazwa, mwalimu atakayekuta barua ya wiki ya kwanza kwenye faili atakusikiliza kwa namna moja. Mwalimu anayesikia habari za ugonjwa wako kwa mara ya kwanza siku ya pili baada ya jaribio atakusikiliza kwa namna nyingine kabisa, na huwezi kumlaumu, maana visingizio amevisikia vingi.

Darasa zima halina haja ya kujua. Mtu mmoja anatosha, au wawili mkiwa mnalala chumba kimoja. Chagua mtulivu, si lazima awe rafiki mkubwa. Mfundishe kwa vitendo. Kama una kifafa, mwonyeshe jinsi ya kukulaza ubavu, kuondoa vitu vigumu kando yako, kuangalia saa, na kutokutia kijiko wala kidole kinywani mwako. Mwambie degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla hujazinduka, akimbilie hospitali. Kama una kisukari, ajue kwamba ukianza kutoka jasho jembamba, kutetemeka au kusema maneno yasiyoeleweka, akupe sukari kwanza na maswali baadaye: vijiko 3 au 4 vya chai vilivyokorogwa katika maji, au soda ya kawaida nusu chupa. Mahamri hayafai wakati huo, kwa kuwa mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Baada ya dakika 15 upimwe tena. Ukiwa huwezi kumeza, asikutilie kitu mdomoni, atafute gari.

Sasa makazi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wageni wengi hukosea. Mwanafunzi atokaye Taita, Lamu au Kitui huja akatafuta chumba cha bei nafuu karibu na chuo, na mara nyingi Mji wa Kale humvutia. Ni mtaa wa watu, kuna utulivu usiku, bibi wa nyumba huuliza kama umekula. Lakini nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina tabia zake. Vyumba vya chini hunyonya unyevu, plasta ya chokaa huchambuka, kuta hufanya ukungu hasa wakati wa masika. Mwenye pumu asikubali chumba cha chini kisicho na dirisha la kupitisha upepo, hata akipunguziwa kodi. Apande orofani, upande unaopokea upepo wa bahari. Mwenye siko seli aliyeharibika nyonga, au mwenye maumivu ya viungo, afanye kinyume: ngazi zetu za mbao ni za wima na nyembamba, na kuzipanda mara sita kwa siku kutammaliza. Yeye atafute chumba cha chini chenye hewa, na akikikosa Kibokoni au Kuze, aangalie Tononoka au Buxton, ambako nyumba mpya zimejengwa kwa namna nyingine na chuo ni karibu zaidi.

Kuna na suala la udi na ubani. Jioni nyumba nyingi huchoma, na hakuna mwenyeji anayekusudia kukudhuru. Mwenye pumu azungumze na mama mwenye nyumba siku ya kwanza, kwa adabu: "Mama, kifua changu hakiwezi moshi, naomba chetezo kisifike upande wangu." Sijaona aliyekataa. Wanaoumia ni wale wanaoona haya kusema, wakafunga mlango na kukohoa mpaka alfajiri. Moshi wa makaa ya jikoni nao ni hivyo hivyo. Na kama unatumia kifaa cha kuvuta dawa, jua kwamba viko vya aina mbili: cha buluu hufungua kifua kwa haraka, kile cha kinga hutumika kila siku hata ukiwa huna shida. Ukiona cha buluu unakihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijatulia, rudi kliniki kabla ya mitihani. Asiyekuwa na spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya kifaa na mdomo wake, anaweza kuitengeneza kwa chupa safi ya plastiki ya mililita 500, akatoboa kitakoni tundu linalobana mdomo wa kifaa. Njia hiyo imejaribiwa hospitalini na inafaa.

Maji. Kisiwa hiki hupata maji kutoka mbali, Mzima na Baricho, Marere na Tiwi, na mifereji hukauka siku nyingi. Visima vya Mji wa Kale vina maji ya chumvi, ya kuogea na kufulia. Maana yake ni kwamba utanunua maji kwa madumu kwa wenye mikokoteni, na maji ya kunywa utayachemsha au kuyatibu. Mwanafunzi mwenye siko seli lazima ahesabu gharama hii kabla ya kodi, kwa sababu kwake maji ni dawa. Damu yake ikikosa maji, seli hukakamaa na kuziba njia, na hapo ndipo maumivu yale yanapoanza. Lita 3 kwa siku si nyingi katika joto letu. Beba chupa darasani, na ndiyo maana nilisema barua itaje ruhusa ya kwenda msalani. Madafu ni mazuri, lakini yasichukue nafasi ya maji, na mwenye kisukari ayanywe kwa hesabu kwa kuwa yana sukari.

Madumu hayo hayo yana hatari ya pili. Mbu wa dengi na chikungunya huzaa katika maji safi yaliyotulia nyumbani na huuma mchana. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013, ukarudi 2017 na 2021, na chikungunya ilitutesa kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2018. Funika kila chombo. Lala ndani ya chandarua kwa ajili ya mbu wa malaria wanaouma usiku, na mchana vaa mikono mirefu au jipake dawa. Homa ikikushika usikimbilie kumeza dawa ya maumivu yenye ibuprofeni au aspirini, kwa kuwa ikiwa ni dengi unaweza kutokwa na damu. Parasetamoli inatosha mpaka upimwe. Na ewe mwenye siko seli, joto la mwili likifika nyuzi 38 usingoje asubuhi wala usingoje kipindi kiishe. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Wanaoripoti Septemba hukutana na kaskazi muhula ukikaribia mwisho, joto likipanda na usiku ukikosa upepo. Wanaoripoti Machi huanza na joto kali kisha masika. Kila mmoja apange kwa majira yake. Mwenye siko seli huathiriwa pia na baridi ya ghafla, kwa mfano kutoka juani na jasho ukaingia chumba chenye kiyoyozi, au kuloa mvua ya Mei ukakaa na nguo mbichi. Weka fulana kavu na sweta jepesi mkobani hata kama wenzako watashangaa mtu wa Mombasa anabeba sweta.

Insulini ina matatizo yake hapa. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa hudumu takriban wiki 4 mahali pasipozidi nyuzi 30, na chumba cha mwanafunzi mwezi wa Machi huzidi hapo mchana. Bara watu hutumia mtungi wa udongo, nao hupoza vizuri kwa kuwa hewa ni kavu. Kwetu hewa imejaa unyevu, kwa hiyo mtungi hupoza kidogo tu. Bado unasaidia ukiuweka penye upepo na kivuli, dawa ikiwa ndani ya kopo lililofungwa lisiloingia maji, lakini usiutegemee kwa akiba ya miezi. Akiba iwekwe kwenye jokofu la mtu unayemwamini, mwenye nyumba au zahanati ya karibu, wewe ubaki na chupa moja. Usiiweke karibu na barafu, ikiganda imeharibika. Usiiache kwenye mkoba juani ukienda feri.

Chakula kizuri na rahisi kipo tele kisiwani. Shida ni saa. Mwanafunzi hutoka bila kunywa chai, hupitia vipindi mpaka saa saba, kisha hula viazi karai na achari kwa sababu ndivyo vilivyo mlangoni. Mwenye vidonda vya tumbo hapo ameshajiumiza. Nunua jioni ndizi mbili na mkate wa mofa, au omba uji kwa mama wa nyumba, ule kabla ya kutoka. Mbaazi za nazi kwa chapati ni kifungua kinywa kinachokaa tumboni, na bei yake mwanafunzi anaimudu. Punguza pilipili na kahawa chungu tumbo likiwa tupu. Na kama unameza diklofenaki kila mwezi kwa ajili ya maumivu ya hedhi, huku una vidonda, mweleze tabibu wako mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu wengi huyaeleza kwa watu tofauti na kupewa dawa zinazogombana.

Usingizi ndio unaoibiwa kwanza muhula wa kwanza, na mwizi anajulikana. Wanafunzi hutafuna muguka ili wakeshe. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilijaribu kuupiga marufuku na suala likafika mahakamani, lakini mwanafunzi mwenye ugonjwa hana haja ya kungoja hukumu. Muguka huharakisha moyo, hupandisha shinikizo la damu, huua hamu ya kula na huondoa usingizi. Kwa mwenye kifafa, usiku mmoja bila kulala unatosha kuleta degedege hata kama dawa amemeza. Kwa mwenye kisukari, kukosa chakula na kutumia insulini ile ile ni njia ya kuanguka. Lala saa 7, hata usiku wa kuamkia mtihani. Nasema hivi nikijua mtihani ulivyo.

Basi utasoma lini? Soma mapema, na soma ukiwa mzima. Mtu mzima ana mifupa 206, nayo haikaririwi usiku mmoja. Mwenye ugonjwa unaokuja na kuondoka lazima awe na akiba: siku nzuri zisiishe bila kusonga mbele, ili siku tatu za kulala kitandani zikija zisimkute akiwa na deni. Baada ya kila kipindi andika kwa maneno yako ukurasa mmoja siku hiyo hiyo. Muungane watu watatu au wanne, kila mmoja afundishe wenzake sehemu yake. Ukiwa umelazwa, wao ndio watakaokuletea madaftari. Na ukilazimika kuchagua kati ya kuhudhuria somo la nadharia na somo la vitendo siku ambayo nguvu ni chache, nenda kwenye vitendo. Nadharia utaipata kwenye kitabu na kwa wenzako. Kushika mshipa, kupima shinikizo la damu au kufunga jeraha chini ya jicho la mwalimu hakurudiwi kwa urahisi. Lakini kwanza soma kanuni za chuo kuhusu mahudhurio, mitihani ya marudio na kuahirisha masomo. Zisome wiki ya kwanza, siyo siku umeitwa ofisini.

Kuhusu Ramadhani nitasema kwa heshima, kwa kuwa ni jambo la ibada na kila mmoja ana mwalimu wake. Miaka hii mwezi huangukia karibu na Februari na Machi, wakati wa joto na wakati wanafunzi wapya wanaripoti. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Kurani yenyewe, katika Suratul Baqara. Mwenye kisukari cha insulini, mwenye siko seli na mwenye kifafa anayemeza dawa mara tatu kwa siku waonane na daktari mwezi au miezi miwili kabla, kisha na sheikh. Wapo ambao dawa zao zinaweza kupangwa baina ya futari na daku. Wapo ambao haifai kabisa, na hao wasijione wamepungukiwa. Kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, hivyo usiache kupima. Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, kula. Mkristo anayefunga kwa maombi ya siku nyingi, jambo lililo la kawaida makanisani mwetu, ushauri wake ni huo huo.

Chuo cha tiba kitakupeleka wodini. Kabla hujafika huko, anza chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni sindano 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu ikifika miezi 6, kwa hiyo anayengoja atakuwa anachoma watu sindano kabla kinga haijakamilika. Mwenye siko seli aulize pia chanjo ya nimonia. Anayetumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, au steroidi kwa muda mrefu, amweleze msimamizi ili asipangiwe wodi ya kifua kikuu bila kinga ya kutosha. Huko si kukwepa kazi. Wagonjwa wako hawatafaidika na wewe ukilazwa kitanda cha pili.

Pesa nitazipitia kwa ufupi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya taifa ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Kiwango chake ni asilimia 2.75 ya kipato, na hakipungui shilingi 300 kwa mwezi. Uliza kama unaweza kubaki chini ya mzazi wako kwa kuwa bado unasoma. Kama haiwezekani, jisajili mwenyewe kabla hujaugua, kwa kuwa asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka. Omba mkopo wa HELB na basari ya eneo bunge mapema, na katika barua ya kuomba taja gharama ya dawa kwa mwezi ukiambatisha risiti.

Sasa nije kwenye jaribu linalowapata wale tu wanaosomea kazi hii. Ukishafika wiki ya nane utajiona unajua. Utasoma juu ya ugonjwa wako kitabuni na kuanza kujipunguzia dozi, au utaingia duka la dawa na kununua bila cheti kwa kuwa muuzaji anakuita daktari. Nimemwona mwenye siko seli akinunua vidonge vya madini ya chuma "kuongeza damu", ilhali aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kupita kiasi mwilini. Nimemwona mwenye kifafa akiacha dawa kwa kuwa miezi sita imepita salama. Wahenga walisema mganga hajigangi, na watu hulitumia neno hilo kumcheka tabibu mgonjwa. Mimi nalichukua kama agizo. Uwe na tabibu wako, asiwe mwalimu wako wala mwanafunzi mwenzako, na miadi yake usiikose kwa sababu ya jaribio la darasani. Omba miadi ya saa za asubuhi mapema, au ya siku ambayo ratiba yako ina nafasi.

Moyo nao huugua. Maumivu ya muda mrefu na hofu ya kufeli huzaa huzuni ambayo watu wa nyumbani huweza kuiita uvivu au jicho, na mwenye kifafa huambiwa ana pepo. Sikushauri ugombane na bibi yako. Dua isomwe, maji ya kisomo unywe, na dawa ya hospitali uendelee nayo kwa saa yake. Ukianza kukosa usingizi wiki mbili mfululizo, kuchukia chakula, au kuwaza kwamba heri usingekuwepo, usilibebe peke yako. Mwambie mlezi wa wanafunzi au nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Ni ugonjwa kama huo mwingine na unatibika.

Itatokea kwa baadhi yenu kwamba muhula utashindikana hata mkifanya yote haya. Umelazwa wiki nne, au upasuaji umekuja katikati. Hapo omba kuahirisha masomo kwa maandishi, kabla ya mitihani, ukiambatisha karatasi za hospitali. Anayeahirisha rasmi hurudi akiendelea na nafasi yake kwa mujibu wa kanuni. Anayepotea kimya kimya, akakaa nyumbani Likoni akiona haya kupokea simu, huonekana ameacha. Wazazi, msiwasukume watoto wafanye mtihani wakiwa na mpira wa dripu mkononi kwa sababu majirani wanauliza. Kuchelewa miezi sita katika kazi ya miaka 30 hakumpunguzii mtu kitu.

Mgonjwa anayesomea utabibu ana jambo ambalo vitabu havimfundishi mwenzake: anajua foleni ya asubuhi ilivyo, anajua kuchomwa mara tatu mshipa usipoonekana, anajua kutoaminiwa anaposema anaumwa. Hospitali zetu zinawahitaji watu hao. Kama umeripoti wiki hii na hujamwambia mtu, kesho kabla ya kipindi cha kwanza pita kliniki uombe barua ile, uipeleke ofisini kwa mkono wako, na usiondoke hapo kabla nakala yako haijapigwa muhuri.